Migongo ya Mtaa wa Ukutani

Jumamosi, Machi 2

Leo ilikuwa siku ya rangi, na mimi nimekwenda zangu Nangurukuru kununua vitenge na uzi. Kila mwaka huwa hivyo. Siku ambayo mtaa mzima umeshika brashi, mimi nimeshika nauli. Nikiulizwa nasema vitambaa vimeniishia, na fundi cherehani haaminiwi asipokuwa na vitambaa.

Nimerudi alasiri, ukuta bado unanuka rangi ya mashua na watoto wana miguu ya bluu. Na mama mkwe wangu, Mungu amlaze pema, anang'aa pale ukutani kuliko walio hai. Huu ni mwaka wa tisa tangu tumzike.

Diari hii nimepewa na mteja, ina picha ya mfuko wa mbolea juu yake, na kurasa tupu zimejaa tele. Basi niandike habari ya ukuta tangu mwanzo, maana nina hasira, na hasira ikiandikwa hupungua.

Ukuta wenyewe ni wa ghala la zamani la korosho, ule upande unaotazamana na msikiti, karibu kabisa na barabara kuu. Mwaka umeme ulipofika hapa Somanga, watu walimwomba Huseni, aliyekuwa akiandika majina ya mashua na ya maduka, awachore watu wa mtaa huu. Huseni akaanza na nyuso. Sheikh Maftaha akatoka msikitini, akasimama, akatazama, akasema, "Huseni mwanangu, watu watoke kwenye sala wakutane na macho ya ukutani? Hapana." Huseni hakubishana. Akawageuza wote. Ndiyo maana mtaa wetu mzima unaonekana kwa nyuma, watu wanakwenda zao kuelekea upande wa bahari, migongo na visogo vitupu. Abiria wa mabasi wakipita huuliza hawa wamenuna kwa sababu gani. Sisi tumezoea, na tunamjua kila mmoja kwa bega na kwa mwendo. Hata Sheikh mwenyewe yumo na mwavuli wake, ingawa ukimuuliza anasema huyo ni mtu mwingine tu mwenye kanzu.

Ukuta una kanuni zake. Mtu hajipaki rangi mwenyewe, kwa kuwa hakuna anayeujua mgongo wake. Hupakwa na wa nyumbani kwake. Aliyekufa haongezewi rangi. Anaachwa, mvua imchukue kidogo kidogo, na akishafutika nyumba yake humweka mwingine mahali pale. Mzee Abilahi, kwa mfano, amebaki kofia na kiwiko, na wajukuu wake wakipita wanakiamkia kiwiko. Kanuni ya mwisho ni kwamba anayeomba kuchorwa hachorwi. Hiyo ndiyo iliyonikaa kooni.

Mimi nililetwa hapa na ndoa kutoka Newala, Huseni akiwa ameshamaliza kazi yake. Nyumba yetu ina nafasi mbili: mume wangu Jerome na baiskeli yake, na mama yake aliyeshika kikapu cha ukindu chenye mshikio mwekundu. Nimezaa hapa, nimezika hapa, nimeshona sare za shule za nusu ya watoto wa hapa, lakini ukutani simo. Namsubiri mama mkwe afutike. Haya, nimeliandika. Na hafutiki, kwa sababu kuna mtu anampaka rangi kila mwaka, na mtu huyo ni wifi yangu Restuta.

Jumapili, Machi 3

Kanisani. Restuta amekaa mbele yangu, kucha zina rangi ya kijani. Nimesali vibaya.

Alhamisi, Machi 7

Nimemtazama Jerome. Wa ukutani, maana wa nyumbani namtazama kila siku. Kwa kuwa mimi siku ya rangi huwa sipo, dada yake ndiye humpaka, na Restuta hana jicho. Shati amemchorea mabega yamekaa sawa, wakati Jerome ameinama miaka yote juu ya minyororo ya baiskeli za watu na shati haliwezi kumkaa hivyo. Na kichwani amempa nywele! Nywele nyeusi, nzito, za kijana wa ngoma. Dada mtu haoni kipara cha kaka yake.

Jumanne, Machi 12

Ramadhani imeingia. Kanzu na magauni ya Idi yameanza kumiminika kwangu. Cherehani haipoi.

Jumamosi, Machi 16

Nilipeleka gauni upande wa pili wa barabara, nikasimama ukutani muda mrefu kuliko nilivyotaka.

Wamembadilisha mama mkwe. Miguuni wamemvika ndala za bluu. Marehemu alivaa kandambili nyeusi au miguu mitupu. Shingoni wamempitisha mstari wa njano, sijui ndio mkufu. Na anainamia kushoto! Mama Natalia hakuinamia popote. Alitembea amenyooka kama anayekwenda kugomba, na mara nyingi ndiko alikokuwa anakwenda. Mimi niligombezwa naye miaka kumi na moja kwa sababu ya kukuna nazi, halafu mwisho nilimwosha na kumlisha kwa mkono huu, kwa hiyo mgongo wake naujua kuliko hao wanaojifanya kuupaka. Pindo la gauni nalo limekwenda upande. Aliyechora hajawahi kushika sindano.

Jioni nikamwambia Jerome, nikijifanya sijali, "Mnampendezesha sana yule wenu wa ukutani."

Alikuwa anajaza upepo tairi. Akatabasamu mpaka masikioni. "Anastahili," akasema.

 Nikamwekea wali, nikaenda kukata kola.

Jumatano, Machi 20

Mvua.

Alhamisi, Machi 21

Mvua. Uji wa futari umeletwa kutoka kwa Sheikh, kibuyu kizima, wakati sisi hatufungi. Nikamwuliza aliyeleta kama hawajakosea mlango. Akasema Sheikh amesema fundi anayeshona kanzu ya Idi asije akaanguka njaa kanzu haijaisha.

Jumapili, Machi 31

Pasaka, na nimeichafua mwenyewe.

Tulirudi kutoka kanisani, mimi na Restuta, kila mmoja na mwavuli wake. Tulipofika ukutani nikasimama. Nilikuwa nimejiapiza nisiseme kitu. Nikasema.

"Wifi, kanuni ni kanuni. Aliyekufa anaachwa apumzike."

"Nani hajaachwa?" akauliza.

"Mama. Kila mwaka unampaka rangi. Kila mwaka! Miaka tisa mtu hafutiki!"

Restuta akanitazama, akautazama ukuta, akanitazama tena. Halafu akacheka. Alicheka hadi mwavuli ukamwanguka, akaushika ukuta wa watu kwa mikono miwili. "Wifi, jamani, unapenda sifa wewe!"

"Sifa gani? Mimi sitanii!"

"Haya, haya. Umependeza. Umeridhika?" Akaokota mwavuli wake akaenda zake, na alipofika kwa wauza samaki wenzake nikasikia kicheko kinaanza upya, sasa ni cha watu wengi.

Nilikuwa nimevaa gauni jipya la Pasaka, ndilo alilolidhihaki, nadhani. Huyo si wifi, ni upupu. Nimeapa sitamsemesha mpaka anitafute mwenyewe.

Jumatano, Aprili 10

Idi. Kanzu zote zimetoka kwa wakati isipokuwa moja, na mwenyewe hakugundua kwamba mfuko mmoja ni wa rangi tofauti. Pilau imekuja kutoka nyumba nne. Restuta naye amemtuma mtoto na samaki wa kukaanga kwenye sahani ya maua. Nimemla. Samaki hana kosa. Sahani nimeirudisha na vitumbua, ila salamu sikutuma.

Jumapili, Aprili 14

Mvua. Kiwiko cha Mzee Abilahi kimekwisha. Imebaki kofia.

Jumanne, Aprili 23

Mvua. Wifi kapita, mimi nimeinamia cherehani. Nilikuwa sina kitu cha kushona, nikashona hewa.

Alhamisi, Mei 2

Redio inasema upepo mkali unakuja kutoka baharini, wavuvi wasitoke. Jerome amefunga mabati kwa waya na kupanga mawe juu. Nilimwambia ashuke, akaniuliza mimi ndiye fundi wa mabati? Nikamwambia mimi ndiye fundi wa sanda, kwa hiyo ashuke. Akashuka.

Jumapili, Mei 5

Nimepata nafasi ya kukaa leo tu, na mikono inanuka moshi.

Upepo ulikuja na mvua ya siku nzima na siku iliyofuata. Minazi ilikuwa inalala na kuinuka. Bati letu moja liliondoka na mawe yake, tukahamia chumba cha mbele na cherehani, nikaifunika kwa turubai kabla sijajifunika mwenyewe. Nilisali rozari yote, na katikati yake nikajikuta namtaja Restuta, kwa maana nyumba yake iko bondeni. Jerome akavaa koti akaenda kumchukua. Walirudi wamelowa, wifi amebeba sufuria lake kubwa la harusi kichwani kama kofia. Ameacha nguo, ameacha redio, ameleta sufuria. Nikampa gauni langu akavaa. Hatukusema kitu kuhusu Pasaka.

Jana upepo ulipotulia ndipo tukasikia kwamba maji yamekata barabara mbele yetu na nyuma yetu. Mabasi ya kwenda Lindi, Mtwara na Masasi yamekwama hapa kwetu, na ya kwenda Dar pia. Watu wamejaa barabarani na watoto na mabegi. Sheikh Maftaha alisimama kwenye baraza ya msikiti, na miaka yake yote ile, akapaza sauti: "Mgeni njoo, mwenyeji apone! Kila nyumba itoe inachoweza." Akafungua madrasa, wanawake wenye watoto wakalala humo. Sisi tulipanga mafiga uani kwa ghala. Na sufuria pekee lenye tumbo la kutosha lilikuwa la Restuta.

Basi tumepika, mimi na wifi, tangu jana. Ugali, maharage, samaki waliokaushwa, chochote. Leo asubuhi nikiwa nasonga akaniambia, "Wifi, unasonga kama mama." Nilingoja kejeli ifuate. Haikufuata.

Kwangu amelala muuguzi mmoja, Rosemary, anakwenda Masasi. Mtu wa maneno machache na mikono mingi. Ameshafunga vidonda vya nusu ya mtaa.

Ukuta umeumia. Lipu imebanduka kipande kikubwa, na Jerome wa ukutani ameondoka nayo, mzimamzima. Limebaki gurudumu la nyuma la baiskeli. Mama mkwe amesimama palepale, ameshika kikapu chake, anainamia kushoto kwenye utupu. Nilipoona gurudumu lile peke yake nikarudi nyumbani kuhakikisha kwamba Jerome yuko. Alikuwepo, anaziba pancha ya mgeni.

Jumatatu, Mei 6

Niandike polepole, nisikosee.

Asubuhi tulikwenda kuteka maji, mimi mbele, Rosemary nyuma yangu. Kisima cha msikiti ndicho kilichobaki safi. Nilikuwa nimebeba ndoo kichwani na kikapu cha unga mkononi. Tulipofika ukutani nikasikia Rosemary amesimama.

"Dada," akasema, "kumbe ni wewe."

"Mimi nani?"

"Huyu hapa. Toka jana natazama hawa watu, najiuliza huyu mama nimemwona wapi. Ni wewe. Hilo bega, na hiyo futi shingoni."

Nikamwambia hapana, huyo ni mama mkwe wangu, ni marehemu. Nikashika shingo. Futi yangu ya kupimia ilikuwepo, ya njano, inaning'inia huku na huku. Huwa siivui, nalala nayo siku nyingine. Nikatazama miguuni. Ndala za bluu.

"Geuka," akasema Rosemary, akatoa simu yake. "Tembea kidogo." Nikatembea kama mwendawazimu na ndoo yangu kichwani, wasafiri wananitazama. Akanipiga picha kwa nyuma, akanionyesha.

Sijawahi kuuona mgongo wangu. Umri wote huu nimepima migongo ya watu, najua wa nani umepinda na wa nani una nundu, na wangu nilikuwa siujui. Unainamia kushoto. Ni mguu ule wa pedali, cherehani imeuvuta mwili mzima upande mmoja. Na pindo la gauni limekwenda upande kwa sababu mwenye gauni amekwenda upande. Aliyechora alichora sawasawa. Alichora kila kitu.

Nikaweka ndoo chini, nikalia. Rosemary akanishika mkono akidhani nimepata msiba.

Jerome nilimkuta kwenye baiskeli. Nikamwuliza, "Baba Beni, yule ukutani ni nani?"

Akainua kichwa. "Yupi?"

"Mwenye kikapu."

"Ni wewe." Akasema hivyo kama mtu aliyeulizwa leo ni siku gani. Halafu akaona uso wangu, akaweka spana chini. "Mama Beni, we hukujua? Mama alifutika mwaka wa tatu. Ilibaki kikapu tu. Nikakuweka wewe pale. Kila mwaka nakupaka, ukienda Nangurukuru."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Unapita pale kila siku! Nilijua unajiona. Ukaniambia nakupendezesha, mimi nikasema unastahili. Ningesema nini tena?"

"Lakini kikapu ni cha mama."

"Kikapu si marehemu," akasema. "Nikaona ukibebe."

Nimekwenda kukaa chumbani kidogo. Miaka sita nimemwonea wivu mwanamke wa ukutani, nikamwita kila jina, nikamsubiri mvua imlambe. Na mama mkwe alikuwa ameondoka kimyakimya, mimi sikuona hata siku alipokwisha, maana siku zile nilikuwa napita nimeinamisha uso kwa kinyongo. Hilo limeniuma. Nimemwombea leo vizuri kuliko siku ya mazishi yake.

Nyani haoni kundule. Nimezaliwa nikilisikia, nikadhani linasemwa kwa wengine.

Jumanne, Mei 7

Nimekwisha. Mtaa wote unajua. Restuta amelisimulia sufuriani, abiria wa mabasi matatu wakasikia, na sasa hata watu wa Mtwara nisiowajua wananiambia, "Mama, geuka tukuone."

"Wifi," nikamwambia, "siku ya Pasaka kwa nini hukusema wazi?"

"Nilidhani unataka nikusifie mgongo! Ukaniambia eti mtu hafutiki, nikasema huyu anatafuta maneno matamu. Kisha ukaninunia mwezi mzima, mimi nikasema labda sikusifu vya kutosha." Akafuta macho kwa pindo la gauni langu alilovaa. Nikacheka. Nilijaribu kujizuia, nikashindwa, nikacheka mpaka ugali ukashika chini.

Sheikh Maftaha alikuja kuchukua chakula cha wazee. Nikamwamkia, "Shikamoo, Sheikh." Akaitikia marahaba, akaongeza, "Bega la kushoto nilimwambia Jerome alishushe kidogo. Mara ya kwanza alilikosea."

"Lakini Sheikh, wewe si hutazami zile picha?"

"Sitazami," akasema. "Napita tu."

Ijumaa, Mei 10

Barabara imepitika kwa shida. Mabasi yameondoka taratibu, watu wanapunga mikono. Rosemary nimemshonea begi kutoka kwenye kipande cha kitenge cha Nangurukuru. Amenitumia ile picha kwenye simu. Mtaa umekuwa mkimya mno, na sufuria la wifi limekaa uani kwangu. Hajalidai, na mimi sijalirudisha.

Jumatano, Mei 22

Jua siku nne mfululizo. Kofia ya Mzee Abilahi nayo imekwenda. Wajukuu wanabishana nani awekwe. Hakuna anayejitaja, lakini wote wanapita mbele za watu wameupa ukuta uso, migongo wamenyoosha.

Jumamosi, Juni 1

Lipu imekauka na chokaa imepigwa. Mtaa umekubaliana kuwe na siku ya pili ya rangi, kwa ajili ya walioanguka. Asubuhi Jerome aliniuliza kama nina safari ya Nangurukuru. Nikamwambia vitambaa ninavyo.

Restuta alikuwa ameshafika na kopo la kijani. Nikanyoosha mkono. Akanitazama, akanipa brashi, akasogea pembeni bila neno, na kwa Restuta hiyo ni zawadi kubwa.

Nilianza na gurudumu la nyuma, kisha baiskeli. Kisha nikampa shati. Nikayainamisha mabega kama yalivyo, na chini ya bega la kulia nikaweka kiraka, maana kiraka hicho nilikishona mimi na najua kilipo. Nikamsogeza karibu kuliko alivyokuwa zamani, kiwiko chake kikagusa kikapu. Nilichukua muda mrefu kwenye shingo. Ana mikunjo miwili pale ambayo yeye hatakaa aione, na ambayo mimi huitazama kila anapoinama juu ya baiskeli ya mtu. Mwisho nikapanda kwenye kiti, nikachora kichwa.

Watu walianza kucheka nyuma yangu kabla sijamaliza. Jerome akaja na mikono ya grisi, akasimama, akatazama muda mrefu. Akapapasa utosi wake.

"Mama Beni," akasema, "hivi mimi kipara changu kimefika huko?"

"Mimi sijui," nikamwambia. "Waulize watu."